Shoka Halikuwa Peke Yake

Historia ya mikoko ya pwani yetu imezoea kuandikwa kwa shoka. Majahazi ya Kuwait na Omani yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, aliwashuhudia mabaharia wa nahodha Ali bin Nasr el-Nejdi wakizipakia katika delta ya Rufiji. Wajerumani nao walikuwa wameshayageuza maganda ya mikoko kuwa bidhaa ya viwanda vya ngozi. Kwa hiyo mtu akikuta ukingo wa mikoko uliopukutika kwenye mlango wa Ruvuma, upande wa Mahurunga, humlaumu mkata boriti moja kwa moja. Naona hukumu hiyo imetoka kabla mshtakiwa wa pili hajaitwa.

Huyo ni isopodi aitwaye Sphaeroma terebrans, jamaa wa kaa na kamba, mwenye urefu wa kama sentimita moja na miguu saba kila upande, ambaye akiguswa hujikunja kama gololi. Hutoboa ncha laini ya mzizi wa mkoko unaoning'inia kabla haujafika topeni. Hasemekani kuishi kwa kula mti: akiwa tunduni hupiga vijiguu vya tumboni ili maji yapite, akachuja chembe zilizomo. Jike hulea watoto mle mle, nao wakikua huanza matundu yao jirani, hadi ncha ikatike. Mkoko usiopata mizizi mipya ya kushika tope, mawimbi huulaza.

Itasemwa kwamba ushahidi huu ni wa kwingine. Ni kweli, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 ulifanyika Kenya. Lakini mti ni ule ule, bahari ni ile ile, na ulionyesha mizizi ya miti ya ukingoni ikishambuliwa kuliko ya ndani, kiasi cha kudhani mdudu huyu ndiye anayeamua mkoko ukomee wapi kuelekea baharini. Pingamizi zito zaidi lilitoka Florida, anakodhaniwa kufikishwa na merikebu za mbao katika karne ya 19: mwaka 1978 wataalamu huko walidai kwamba mzizi uliotobolewa huchipua matawi, hivyo mti unafaidika. Faida hiyo ipo pale tu tawi linapowahi tope kabla halijatobolewa nalo.

Wala simtakasi mkata boriti. Isopodi hupenda ukingo ulio wazi, na kila anayefyeka safu ya mbele huugeuza mti wa ndani kuwa wa ukingoni. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa hapa mwaka 2000 inaweza kumzuia mwenye shoka. Mdudu hasomi vibao. Anayetaka kuwatenganisha wawili hawa na aangalie chini maji yakipwa: mti uliokatwa huacha kisiki, ulioangushwa kwa kutobolewa mizizi hulala mzima.