Kasiba Iliyolegea: Bunduki za Mirathi na Mafundi Wake

Miongoni mwa mali ambazo wazee wetu, wa pwani na wa bara, waliwaachia watoto wao, pamoja na majambia, minazi na misahafu, mara nyingi ilikuwamo bunduki kuukuu. Na ila ya kwanza ambayo mrithi huiona aishikapo ni kwamba kasiba, yaani mtutu, inacheza katika mti wake.

Bunduki hizi zilikuja kwa bahari. Mkataba uliofungwa baina ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na Marekani, mwaka 1833, uliwaruhusu wafanyabiashara wa Kimarekani kuuza bunduki, baruti na risasi katika bandari zake zote pasina kizuizi, isipokuwa kisiwani Unguja, ambako mnunuzi alikuwa serikali peke yake. Kisha majeshi ya Ulaya yalipopata silaha za kushindiliwa kwa nyuma, yale magobore yaliyoachwa yakamiminika Afrika; na hata Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia silaha za kisasa, uliyaachia magumegume, yaani bunduki za jiwe la cheche, mlango wa ruhusa maalumu.

Asili ya bunduki hujulikana kwa namna kasiba ilivyofungwa. Waingereza waliishika kwa vijiti vya chuma vipenyavyo mti na vishikio vilivyo chini ya kasiba. Wafaransa waliizungushia mapete ya chuma. Na bunduki za mrao za Oman, zilizowashwa kwa utambi, zilivishwa mapete ambayo kwa mwenye uwezo yalikuwa ya fedha. Lakini zote hupatwa na maradhi mamoja: mti hukauka ukasinyaa, mabaki ya baruti huvuta unyevu yakazaa kutu, na kila mlio huirudisha kasiba nyuma hata tako lake likautafuna mti.

Fundi mwenye hadhari hutanguliza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, akautia hata mwisho wa kasiba, kisha akaupima kwa nje, kwa kuwa bunduki nyingi ziliwekwa zikiwa zimeshindiliwa, na baruti, hata ikizeeka kwa miaka mingi, yaweza kuwaka. Akiisha kuamini kuwa ni tupu, huitoa kasiba, huutia mti ubao mwembamba kwa gundi pale palipotafunwa, hubadili vijiti vilivyolika, na pete huisukuma kuelekea kitakoni, ambako mti ni mnene. Moto hausogezi kabisa: kasiba nyingi za zamani ni bapa la chuma lililokunjwa na kuungwa kwa urefu wake.

Bara, palipokosekana pete, mafundi waliishona ngozi mbichi juu ya kasiba na mti, nayo ikikauka hujikaza barabara. Nasikitika sana nionapo ngozi hiyo imekatwa na kutupwa ili bunduki ifanane na ilivyotoka kiwandani, maana kiwanda kilitoa maelfu mfano wake, na mshono ule ni kazi ya mkono mmoja tu. Ikiwa imelegea, ipasavyo ni kuiacha mahali pake na kupenyeza kabari nyembamba ya mti chini yake.