Mafia: Wilaya Iliyohamisha Kiti Chake

Ukisikia Mafia huenda ukadhani ni kisiwa kimoja. Sivyo. Ni wilaya nzima ya visiwa katika Mkoa wa Pwani, Tanzania, yenye tarafa mbili na kata nane, na makao yake ni Kilindoni. Hesabu ya watu ya 2012 ilipata 46,438. Ya 2022 ikapata 66,180. Karibu watu 20,000 wameongezeka kwa miaka kumi, na ardhi ni ile ile.

Lakini enzi haikuanzia Kilindoni. Zamani mji mkubwa ulikuwa Kua, kisiwani Juani, mji wa misikiti ya mawe, hata Wasakalava wa Bukini wakauvamia mwanzoni mwa karne ya 19. Kisha utawala ukakaa Chole, kisiwa kidogo mno. Wajerumani, walioishika Mafia tangu 1890, walitawalia hapo hadi 1913, ndipo wakahamia Kilindoni kwa ajili ya bandari yenye kina.

Leo Juani na Chole zimo katika kata ya Jibondo. Mtu wa Chole mwenye shida ya serikali huvuka kwa mashua mpaka Utende, kisha ashike njia ya Kilindoni.