Wageni wa Golf

Mtu akitoka katikati ya Lubumbashi kwenda mtaa wa Golf, huona kuta ndefu, malango ya chuma, na miti inayochungulia juu ya kuta. Huko hukaa wakubwa wa kampuni za migodi na wafanya biashara: Wachina, Wahindi, Walebanoni, Wabelgiji, watu wa Afrika ya Kusini, pamoja na Wakongomani wenye mali. Asubuhi magari yao huenda mjini au migodini, jioni hurudi, na lango hufungwa. Jina la mtaa limetoka katika kiwanja cha mchezo wa golfu, mchezo wa wachache. Wengi husema mtaa huu ni jambo jipya. Kweli, nyumba nyingi ni mpya, maana zilijengwa baada ya sheria ya migodi ya mwaka 2002 kuwavuta tena watu wa nje. Lakini desturi ya mgeni kukaa kando ni ya zamani kama mji wenyewe.

Nchi hii haikuwa tupu. Walamba walikuwa wakikaa hapa. Mwaka 1910 Meja Emile Wangermée aliuanzisha mji, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Mwaka uleule reli ikafika kutoka Rodesia, na mwaka 1911 Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Wamisionari Wabenedikto nao walifika pamoja na Padre Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu wetu hata kufa kwake mwaka 1958.

Wageni hao weupe walikuja kwa mkataba wa miaka michache. Mkataba ukiisha, walipanda treni kwenda likizo Ulaya, na wengine hawakurudi. Mtu wa namna hiyo hapandi mwembe. Wagriki, Waitalia na Wayahudi wa kisiwa cha Rodo walikuwa tofauti kidogo: walifungua maduka, wakaoa, wakazika wazee wao hapa, tena walijua Kiswahili cha sokoni kuliko mabwana wa ofisi.

Basi, palikuwa na ule ukanda wa wazi. Waganga wa serikali walisema kwamba mbu humwuma mtu mweusi, kisha huruka na kumpelekea Mzungu homa. Kwa hiyo ilitakiwa nafasi ya mamia ya mita bila nyumba kati ya mji wa Wazungu na mji wa watu weusi, ili mbu achoke njiani. Kijiji cha kwanza cha wafanyakazi kilionekana kuwa karibu mno. Ndipo mwaka 1921 wakaanza kujenga mji mpya, ulioitwa Albert, nao leo ni Kamalondo. Usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Lakini bwana alitaka kahawa yake mapema, na bibi alitaka mtoto abebwe. Kwa sababu hiyo boi alijengewa chumba kidogo nyuma ya lupango, hatua chache tu kutoka kitanda cha bwana. Kumbe mbu wa jikoni hakuogopwa!

Tukumbuke pia kwamba wageni walikuwa wa namna mbili. Shaba ilihitaji mikono mingi, na kampuni iliwaandika watu kutoka Rodesia, Ruanda-Urundi na Kasai. Mwaka 1928 reli iliunganisha Katanga na Kasai, nao wa Kasai wakaja kwa wingi zaidi, wakawa mafundi, makarani, walimu. Watoto wao walizaliwa hapa, wakabatizwa hapa.

Mwezi wa Julai 1960, baada ya askari kuasi, Wazungu wengi walikimbilia Rodesia kwa magari. Tarehe 11 mwezi huo Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Wengi wa waliokimbia wakarudi, na utengano ukaisha mwaka 1963. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali za Union Minière. Mwaka 1973 maduka ya wageni yalitolewa kwa wananchi, na mwaka 1991 mji uliporwa. Kila mara mgeni mweupe alikuwa na mahali pa kurudi.

Yule mgeni mwingine hakuwa napo. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Familia nzima zililala vituoni miezi mingi zikingoja treni ya kwenda nchi ambayo watoto hawajaiona kamwe, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Sisi Wakristo tuliokaa nao benchi moja kanisani, wengine wetu tulinyamaza. Twaliandika jambo hili kwa haya.

Leo hakuna ukanda wa wazi wala karatasi ya usiku. Anayetoka nje kufanya kazi Golf huitwa kwa heshima ekspatrie. Aliyetoka Kasai, hata kama babu yake alichimba shaba ya Union Minière, bado aweza kuulizwa kwao ni wapi. Jioni, wapishi na walinzi wa zamu ya mchana hutoka kwa mlango mdogo ulio kando ya lango kubwa, nao hushika njia ya Kamalondo, Kenya na Katuba. Kutoka Golf ni mwendo mrefu, na wengine huenda kwa miguu.