Kutoka Makaa ya Bweranyange hadi Risiti ya LUKU

Tarehe 25 Novemba 1861, John Hanning Speke na James Grant walifika Bweranyange, makao ya Omukama, yaani mfalme, Rumanyika wa Karagwe. Walikuwa wakielekea Buganda kutafuta chanzo cha Naili, lakini Grant aliugua mguu, akabaki kwa mfalme hadi mwaka uliofuata. Henry Morton Stanley alipopita 1876, alifunguliwa hazina ya ikulu na kuorodhesha alichokiona: ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, sanamu za ndege, mikuki na zana za chuma. Ndagara, baba yake Rumanyika, anakumbukwa hadi leo kwa mapenzi yake kwa uhunzi, na katika falme za eneo la maziwa makuu nyundo na fuawe vilikuwa alama za utawala.

Wageni wale waliandika habari za shaba na chuma, hawakuandika sana habari za moto. Udongo wa chuma hautoi chuma mpaka tanuru ipite nyuzi 1,100 za Selsiasi, na huko haifiki bila makaa ya mti mgumu na mivukuto isiyopumzika. Wapo waliokata miti, waliochoma makaa, waliobeba na waliovukuta kwa zamu, na wote hao walipaswa kulishwa kabla jembe halijapatikana. Katika mkoa wa Kagera, ambamo Karagwe imo leo, upande wa Buhaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua mabaki ya matanuru ya tangu takriban miaka 2,000 iliyopita. Kwa hiyo suala la nani agharimie nishati, na nani avune matunda yake, lina umri mrefu huku kuliko nguzo yoyote ya umeme.

Umeme wenyewe ulitangulia kwa bati.

Mto Kagera unapofika Murongo, ambako leo ni Wilaya ya Kyerwa, ndio unaotenganisha Tanzania na Kikagati ya Uganda. Hapo maji yanaporomoka. Katika miaka ya 1930, wakati pande zote mbili zikiwa chini ya Waingereza, kilijengwa kituo kidogo cha kuzalisha umeme, cha zaidi kidogo ya megawati moja, kwa ajili ya machimbo ya bati ya Mwirasandu upande wa Ankole. Bati lilipatikana hadi Kyerwa, na soko lake lilikuwa Ulaya. Mkulima wa Karagwe aliyekuwa na mgomba, mbuni wa kahawa na maharage hakuwamo katika hesabu ya mtambo ule. Usiku aliwasha koroboi.

Miaka hiyohiyo, mbali sana na hapo, serikali ya Marekani ilikuwa ikifanya hesabu nyingine. Uchumi ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, na katika kila mashamba kumi ni moja tu lililokuwa na umeme. Kampuni binafsi ziliona kuvuta waya hadi kwa mkulima ni hasara. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda wakala wa umeme vijijini. Wakala huo uliwakopesha wakulima waliojiunga katika ushirika ili wajenge njia zao wenyewe. Mikopo pia ilitolewa kwa ajili ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba na kununua vifaa, na hilo ndilo linalostahili kukumbukwa zaidi. Aliyepanga mambo alielewa kwamba waya unaoishia ukutani haujamfikia mtu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, mashamba mengi ya nchi ile yalikuwa na umeme.

Kituo cha Kikagati kiliharibiwa katika vita vya 1978 na 1979, vita vilivyoanza kwa majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera na kulibomoa daraja la Kyaka. Amani iliporudi, maporomoko yalibaki yakinguruma bila kazi kwa zaidi ya miaka arobaini. Kagera, iliyokuwa mbali na Gridi ya Taifa, ikazoea kununua umeme Uganda kupitia njia ya Masaka hadi Kyaka.

Mwaka 2009 mtikisiko wa uchumi wa dunia uliangusha bei za mazao. Mwezi Juni, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, na sehemu yake ilikwenda kufidia hasara za waliokuwa wamenunua pamba na kahawa kwa bei ya juu kabla soko halijaporomoka. Kwa wilaya inayoishi kwa kahawa kama Karagwe, hatua hiyo ilikuwa na maana. Ila fidia huziba pengo la msimu mmoja tu. Mashine ya kukoboa inayotumia umeme hukoboa mwaka huu, na mwakani.

Kazi ya kufikisha umeme wa namna hiyo vijijini ilikabidhiwa chombo kingine. Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi 2007. Mradi ukifika kijijini, fedha ya kwanza huonekana kwenye jembe na sururu: vijana wanachimba mashimo, wanabeba nguzo, mama lishe anaongeza sufuria. Wiki chache baadaye mkandarasi anahama na sufuria ile inarudi kabatini. Linalobaki ni waya, na thamani yake inategemea walioungwa. Mwaka 2013 ada ya kuunganishwa vijijini ilishushwa hadi shilingi 177,000. Baadaye mteja wa REA akalipa 27,000. Kwa kaya inayosubiri kahawa iuzwe, tofauti ya 150,000 ndiyo iliyoamua kama taa itawaka. Kwa nyumba ambazo hazijatandazwa nyaya, REA ilileta pia UMETA, kibao chenye soketi na sehemu za taa. Ni kifaa kidogo, lakini kinagusa palepale Wamarekani walipogusa. Ilistahili kila kaya ipate.

Miradi mikubwa nayo imerudi mtoni Kagera. Huko Rusumo, Ngara, mtambo wa megawati 80 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 340 unagawiwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Kikagati imejengwa upya kwa mtaji binafsi, karibu megawati 14, na safari hii Tanzania ina nusu ya umeme wake. Kakono, kwenye mto huohuo, imepangiwa megawati 87.8.

Fedha ya waya wa vijijini haitoki kwa wafadhili peke yao. Fundi wa kuchomelea mageti anayenunua umeme wa shilingi 10,000, siku ambayo hakuna makato ya ziada, huona kwenye risiti ya LUKU, umeme wa malipo ya kabla, mstari ulioandikwa REA 3%. Mbele yake pana karibu shilingi 250, maana asilimia hiyo hupigwa kwenye bei ya umeme kabla ya kodi na tozo. Zinakwenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, kununulia nguzo za kijiji ambacho bado hakijafikiwa.