Wafu Walioteremshwa Mgodini: Filamu za Mazombi za Ulaya na Dhahabu ya Kakamega

Mwaka 1966 kampuni ya Hammer ya Uingereza ilitoa filamu iitwayo The Plague of the Zombies, iliyoongozwa na John Gilling. Kisa chake kinatokea katika kijiji cha Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako watu wanakufa mmoja baada ya mwingine kwa ugonjwa asioujua daktari. Daktari huyo anasaidiwa na mwalimu wake wa zamani, Sir James Forbes, na wanapofukua kaburi usiku wanakuta jeneza tupu. Maiti hawakuibwa wakauzwe. Wamepelekwa kazini. Bwana mwenye ardhi ya pale, Clive Hamilton, ana mgodi wa bati ambao wanakijiji hawataki tena kuuingia kwa sababu ya hatari zake. Naye, kwa kuwa aliwahi kuishi Haiti akajifunza uchawi, anawaua wanakijiji hao hao, anawafufua, kisha anawateremsha shimoni wakachimbe bila mshahara na bila kulalamika. Mkazi wa Amalemba, mtaa wa mji wa Kakamega magharibi mwa Kenya, akiitazama filamu hii hana haja ya kuelezwa mgodi ni kitu gani. Rosterman, mgodi uliokuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu huku kwetu enzi za ukoloni, uko kilomita chache tu kutoka mtaani kwake.

Hoja ya makala haya ni kwamba filamu za zamani za Ulaya kuhusu wafu waliofufuliwa na kisasi cha kichawi zimesomwa vibaya, huko kwao na hapa kwetu pia. Huko zimewekwa katika fungu la burudani ya bei rahisi. Hapa zimewekwa katika fungu la mambo ya Wazungu, au la mambo ya shetani. Ukizifuata hadi chimbuko lake unaona jambo jingine. Hofu iliyo ndani yake ni ya mfanyakazi asiyeweza kuacha kazi hata akifa, na hofu hiyo ilizaliwa na watu waliotolewa Afrika kwa nguvu. Haiti, koloni la Ufaransa lililoitwa Saint-Domingue, ilitajirika kwa sukari iliyolimwa na watumwa kutoka Kongo na Afrika Magharibi. Watumwa hao waliasi mwaka 1791 wakapata uhuru tarehe 1 Januari 1804. Kwa watu waliotoka katika mashamba yale, kifo kilikuwa mlango pekee wa kutokea; na adhabu mbaya kuliko zote ilikuwa kukuta hata mlango huo umefungwa, ukarudishwa shambani ukiwa maiti. Marekani ilipoikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, mwandishi William Seabrook alizisikia simulizi hizo akazichapisha mwaka 1929 katika kitabu The Magic Island, pamoja na kisa cha wafu waliodaiwa kufanya kazi katika mashamba ya kampuni ya sukari ya Kimarekani. Miaka mitatu baadaye ilitoka filamu White Zombie, na Bela Lugosi akiwa mwenye kinu cha sukari. Katika kinu hicho mfanyakazi mmoja anatumbukia kwenye mashine, na wenzake wanaendelea kuizungusha bila kugeuza shingo. Kaunti ya Kakamega ni nchi ya miwa. Watazamaji wake wana haki ya kuitafsiri picha hiyo kwa macho yao wenyewe.

Sasa tuirudie dhahabu. Mwaka 1931 mlowezi aitwaye L. A. Johnson aligundua dhahabu katika eneo la Kakamega, na katika muda mfupi mamia ya Wazungu, wengi wao wakulima waliofilisika kwa mdororo wa uchumi wa dunia, walimiminika hapa na vigingi vyao. Serikali ilikuwa imetunga sheria mwaka 1930 ya kuzilinda ardhi za Waafrika: ikichukuliwa ardhi kwa manufaa ya umma, wenyeji wapewe nyingine badala yake. Mwishoni mwa 1932 sheria hiyo ilirekebishwa haraka haraka ili ardhi ya dhahabu ichukuliwe bila fidia ya ardhi na bila kulishauri baraza la wenyeji. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka mitatu. Kasisi wa Kianglikana Walter Owen aliipinga hatua hiyo, na chama cha wenyeji, North Kavirondo Central Association, kilipata nguvu kutokana na uchungu huo huo. Rosterman iliendelea kuchimba hadi 1952. Mwanamume aliyeshuka katika mashimo yale alikuwa na kipande, hati ya kazi iliyowekwa katika kikebe cha bati na kuvaliwa shingoni, yenye alama za vidole na maandishi ya mwajiri. Akiondoka kazini kabla hajasainiwa, alikuwa mtoro mbele ya sheria, akatafutwa na kushtakiwa. Katika filamu ya Gilling, Hamilton anawatawala wafu wake kwa vinyago vidogo vilivyopakwa damu yao na kulazwa katika vijeneza vidogo. Anayekishika kinyago ndiye anayeshika mapenzi ya mtu. Sijui picha nyingine ya sinema inayoeleza kwa ufupi hivyo kipande kilikuwa nini.

Hapa mpinzani atasema kwamba nimevuta kamba mno. Wachimbaji wa Kakamega walilipwa. Walirudi makwao jioni. Wengi waliipenda kazi hiyo kuliko kwenda kulima katika mashamba ya walowezi mbali na nyumbani. Na akina mama waliuza vyakula migodini wakapata fedha za karo na kodi. Yote hayo ni kweli, na historia yoyote inayoyaficha ni ya uongo. Lakini sisemi kwamba Rosterman ilikuwa Saint-Domingue. Ninachosema ni kwamba watu waliokuwa chini ya kodi ya lazima na kipande walijua tofauti kati ya kuuza jasho na kunyang'anywa uamuzi, na walikuwa na hadithi zao za kuisema tofauti hiyo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, amezikusanya simulizi za wazimamoto na mumiani zilizoenea Kenya, Uganda na Tanganyika enzi za ukoloni: kwamba watu wa serikali wanawakamata Waafrika usiku, wanawatia mashimoni na kuwanyonya damu. White hakuzicheka wala hakuziamini kijuujuu. Alizichukua kama ushahidi wa jinsi watu walivyoyaelewa mamlaka na kazi. Tanzania nako kuna msukule, mtu aliyezikwa na kuliliwa huku ikisemekana mwili halisi umefichwa na mchawi, unamlimia shamba usiku. Mlimie mwingine, usilipwe, usihesabiwe miongoni mwa walio hai: ni hofu ile ile ya Haiti, na haikuhitaji sinema kufika huku.

Upande wa kisasi una historia yake, nao Ulaya ulianza kabla neno zombi halijajulikana huko. Mfaransa Abel Gance, katika J'accuse ya mwaka 1919, aliwafufua askari waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wakarudi vijijini kuwauliza walio hai kama kifo chao kilikuwa na maana. Baadhi ya walioigiza wafu hao walikuwa askari halisi waliokuwa likizoni, na wengi wao walirudi mstari wa mbele wakafa kweli. Ni vigumu kwa mtu wa huku kuifikiria filamu hiyo bila kuwakumbuka wapagazi wa Karioko, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika vita hivyo hivyo. Makumi ya maelfu yao walikufa katika kampeni ya Afrika Mashariki, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mkoa wa Nyanza, ambao wakati huo uliijumuisha Kakamega, ulitoa sehemu kubwa yao. Nao wangekuwa na la kuuliza. Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti huku katikati ya homa ya dhahabu miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu jinsi wenyeji walivyoamini kwamba marehemu aliyedhulumiwa hanyamazi mpaka haki yake itendeke. Imani hiyo haiko mbali na ya Gance.

Miaka ya 1970 Wahispania walilishika wazo la kisasi wakati Jenerali Franco alipokuwa bado madarakani. Amando de Ossorio alitengeneza kati ya 1972 na 1975 filamu nne za Watempla, askari-watawa wa Zama za Kati waliorudi kama wafu vipofu wanaopanda farasi na kuwinda watu kwa kusikia tu. Wapo walioona katika mifupa hiyo yenye majoho utawala mzee uliogoma kufa. Mimi naona usomaji huo una nguvu, ingawa Ossorio mwenyewe alipendelea kuwatenga wapanda farasi wake na mazombi. Iliyo wazi zaidi ni filamu ya Jorge Grau ya 1974, No profanar el sueño de los muertos, ambamo mashine ya kilimo ya kuulia wadudu ndiyo inayowaamsha wafu. Afisa wa polisi anampiga risasi kijana asiye na hatia kwa sababu ya nywele zake na mavazi yake, na kijana huyo anafufuka kulipiza. Hapo anayeshtakiwa ni dola, na hukumu inatoka kaburini.

Kasoro ya filamu hizi siwezi kuifunika. Katika La rebelión de las muertas ya 1973, iliyoongozwa na León Klimovsky, mwigizaji Paul Naschy, Mhispania, anajigeuza Mhindi. Na kisasi dhidi ya familia za Kiingereza zilizokuwa India, jambo ambalo lingeweza kuwa zito, linageuzwa onyesho la uchawi wa watu wa mbali. Katika The Plague of the Zombies watu weusi ni wapiga ngoma wasio na jina. Vodou, dini ambayo Haiti iliitambua rasmi mwaka 2003, imechafuliwa kwa miongo mingi. Huo ni ubaguzi, na haufutwi na umri wa filamu. Hata hivyo, kwa Gilling mwovu ni nani? Ni mwenye ardhi Mzungu aliyeukuta ujuzi wa wengine akautumia kujitajirisha. Filamu yake ilifanywa kwa haraka, ndiyo, jukwaa lake likatumika tena katika The Reptile ya mwaka huo huo. Lakini haraka hiyo haikuifanya iseme uongo.

Kilichoiua hoja hii ya bwana na wafu wake kilitoka Marekani. George Romero, mwaka 1968, aliwaondolea wafu bwana wao akawapa njaa ya nyama ya watu. Kazi yake ni kubwa na ina siasa zake, lakini Waitaliano waliomfuata, Lucio Fulci akiwa mbele na Zombi 2 ya mwaka 1979, walibaki zaidi na damu na macho yanayotobolewa. Mfu asiye na bwana hana wa kumshtaki. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, filamu za mazombi zilipoteza dhamiri, na ndizo hizo zilizofika kwa wingi katika vibanda vya video vya Kenya, zikisimuliwa upya kwa Kiswahili na Sheng na watu kama DJ Afro.

Makanisa yetu huonya kwamba picha hizi zinawazoesha vijana uchawi. Onyo hilo lina uzito katika nchi ambayo wazee bado wanashambuliwa kwa kushukiwa uchawi, na filamu inayomwonyesha bibi kizee kuwa chanzo cha kila baya inastahili kukataliwa. Lakini filamu inayomwonyesha mwajiri akiwaua watu ili asiwalipe inafundisha kitu kingine, na haipaswi kumtisha Mkristo anayeikumbuka damu ya Abeli iliyolia kutoka ardhini.

Mashimo ya wachimbaji wadogo wa Rosterman na Ikolomani bado yanaporomoka na kuua, na kampuni kubwa zimerudi kutafuta dhahabu Isulu na Bushiangala. Watengenezaji filamu wa Kakamega wasingoje Cornwall nyingine iwasimulie. Waende kwa wazee ambao baba zao walivaa kipande na kushuka Rosterman, wawarekodi sasa wakiwa hai, na waandike filamu ya kutisha ya kwetu kutokana na ushuhuda huo.