Shanga Nne za Kuanzia

Mwaka wa 1961, msomi wa Edinburgh anayeitwa Donald Michie alitaka kuonyesha kwamba mashine inaweza kujifunza mchezo yenyewe. Shida ni kwamba hakuwa na kompyuta. Basi akachukua viberiti vitupu.

Michie hakuwa mgeni wa mafumbo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Bletchley Park, Uingereza, akivunja maandishi ya siri ya Wajerumani, na akicheza chesi na Alan Turing.

Alipanga visanduku vya viberiti karibu 300. Juu ya kila kimoja alichora hali moja ya mchezo wa X na O, ule tuliokuwa tunacheza nyuma ya daftari mwalimu akigeukia ubao. Ndani alitia shanga za rangi mbalimbali, kila rangi mraba wake. Zamu ya mashine ikifika, unatafuta kisanduku chenye mchoro huo, unakitikisa, na ushanga unaotangulia mbele ndio unaoamua icheze wapi.

Ikishindwa, kila ushanga iliyocheza nao unachukuliwa. Ikitoka sare, unarudishwa na mwenzake mmoja wa rangi hiyo. Ikishinda, inaongezewa tatu. Ni hayo tu, hakuna kufundishwa. Michie alicheza nayo mechi 220 kwa siku mbili. Mwanzoni aliichapa, lakini baada ya mechi kama 20 ikaanza kumbana kwa sare. Aliiita MENACE, na kanuni yake ya zawadi na adhabu bado inatumika kwenye AI ya leo.

Mimi kuna kitu kingine kinachonikaa. Kisanduku kikiisha shanga, mashine inasalimu amri. Na kile cha kwanza hutumika kila mechi, kwa hivyo kinalipia hata makosa ya mwishoni. Ndiyo maana Michie alikipa shanga nne kwa kila hatua inayowezekana. Vilivyofuata vilipata tatu, kisha mbili, mwisho mmoja mmoja.

Niliacha chuo mwaka wa pili, baada ya kuanguka somo moja. Kurudia kulihitaji pesa ambazo nyumbani hazikuwepo. Kwa muda mrefu niliamini sikuwa na kichwa cha hesabu. Siku hizi nahesabu vingine: nilianza na ushanga mmoja.