Kimini, Bajia na Muvi za Kihindi: Enzi Ambazo Nguo Ilimtia Mtu Matatani

Kuna sini moja kwenye Bobby, muvi ya Kihindi ya mwaka 1973, ambayo wapenzi wa za kale hawaisahau. Kijana anabisha hodi. Binti anafungua mlango katokea jikoni, mikono imejaa unga. Anarudisha nywele nyuma, unga unabaki kichwani. Kijana kwisha habari yake!

Inasimuliwa kuwa mwongozaji, Raj Kapoor, hakuitunga sini hiyo kichwani. Siku ya kwanza alipokwenda nyumbani kwa staa Nargis, alimkuta anakaanga pakora, na unga ukamganda kwenye nywele hivyo hivyo. Pakora ndiyo hizi hizi bajia zetu za unga wa dengu.

Sasa turudi huku kwetu. Nargis na Raj Kapoor walipendwa sana Dar na Zanzibar tangu Awaara ya 1951. Hakukuwa na video wala simu ya kupiga skrinshoti. Mdada akilipenda gauni la staa, analikariri kwa macho, kesho yake yuko kwa fundi cherehani anaelekeza kwa mikono: hapa libane, hapa liachie. Majina ya mafundi wale hayapo kwenye bango lolote la sinema, lakini ndio waliouvalisha mji.

Ila mambo hayakuwa mteremko. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua, vyote marufuku Dar kuanzia 1 Januari 1969. Hoja ilikuwa kwamba ni mambo ya kikoloni, yanaharibu utamaduni. Hata tarehe haijafika, makundi ya vijana wa kiume yaliingia mtaani Kariakoo na kuwashambulia wasichana waliovaa vimini. Polisi wakalazimika kuingilia kati. Wasichana wale nao hatuwajui majina. Kosa lao lilikuwa urefu wa sketi.

Miaka karibu mitano tu baadaye, Bobby ikatoka. Na humo Dimple Kapadia, binti wa miaka 16, katupia nini? Kimini! Na blauzi ya madoa iliyofungwa fundo tumboni. Yaani nguo iliyomkimbiza binti wa Kariakoo ndiyo iliyomfanya binti wa Bombay awe staa.

Cha kushangaza, bajia nazo asili yake ni ng'ambo, Uhindini kama muvi zenyewe, lakini hakuna aliyezifukuza mtaani. Kumbe cha mgeni kikiwa sahanini ni chetu, kikiwa mwilini mwa mwanamke ni kesi.

Basi wikiendi hii jipe raha. Koroga unga wa dengu, weka kitunguu, giligilani na pilipili, kaanga kwenye mafuta ya moto mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Chatne ya nazi pembeni, chai ya tangawizi, halafu washa Bobby. Ikifika ile sini ya mlangoni, mkumbuke Nargis na unga wake. Na ukitoka kesho na kimini chako bila wasiwasi, mkumbuke na yule dada wa Kariakoo. Yeye alikivaa kabla yako, na alikilipia.